Mkono Uliosahau Halua

Waliosimama wakae, waliokaa wasogee, na huyo anayetafuna karanga atafune polepole, maana ndani ya hadithi yangu mna pigo moja dogo la debe, na mkilikosa hilo mtanisumbua nianze upya. Nami sianzi upya. Tena mjue mapema, mwishoni nitawapa kazi. Tumeelewana? Haya.

Katika mji wa Wete, kisiwani Pemba, walikuwako watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza aliitwa Kombo Sheha, mkandaji. Kipawa chake kilikuwa vidole. Ungeweza kukaa mbele yake na shati na sweta juu, akakugusa mgongo mara moja akakwambia umelalia ubavu gani na juzi ulibeba nini. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoipasha moto juani, na akikukanda hakusema neno mpaka alifikie fundo. Akilifikia tu, basi, anasema, "Ahaa, kumbe umejificha huku!" Alikuwa akisema na fundo, si na wewe.

Wa pili aliitwa Salha Mbarouk, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kipawa chake kilikuwa kujua njia. Wewe na mimi tunajua njia ya Wete kwenda Konde. Salha alijua njia ya ubongo kwenda kwenye ncha ya kidole: mishipa ya fahamu inatokea wapi shingoni, inapita wapi chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, inagawanyika wapi ikifika kwenye kiwiko. Ukimwambia mkono unakuuma, yeye anakushika shingo.

Wa tatu aliitwa Bi Time, mpiga ngoma za harusi. Kipawa chake kilikuwa mdundo. Bibi harusi hata awe na haya kiasi gani, Bi Time akianza kupiga, bega la bibi harusi linaanza lenyewe. Wanasema hata maalim mmoja mkali alipita nyuma ya ua huku Bi Time akipiga, akaja kugundua mlangoni mwa msikiti kuwa njia nzima ametembea kwa mdundo. Maalim mwenyewe anakataa. Mimi nakwambieni nilivyosikia.

Watatu hawa wangeishi na vipawa vyao kwa amani kabisa, kama si mkono wa kuume wa Mzee Shaame Faki.

Mzee Shaame alikuwa mpishi wa halua. Na nikisema halua msifikirie ile mnayokatiwa kwenye karatasi ikang'ang'ania meno. Halua ya Mzee Shaame ilikuwa inatetemeka ukiisogeza sahani. Iliki unaisikia kabla hujafungua kijikapu. Na siri yake haikuwa sukari, wala samli, wala zafarani, maana hivyo hata mimi ninavyo. Siri ilikuwa mkononi. Halua inakorogwa kwa saa nyingi bila kupumzika, na katika saa hizo kuna dakika moja tu inapogeuka. Macho hayaioni dakika hiyo. Anaisikia aliyeshika mwiko, kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa bega. Akiikosa kwa kutangulia, inakuwa uji. Akiikosa kwa kuchelewa, mnaweza kuzibia paa.

Ukoo wao ulikuwa na mila moja: katika kila kizazi, mwiko anarithishwa mtu mmoja tu. Zamani waliwahi kufundishwa ndugu wawili, wakafungua majiko mawili, kila mmoja akawa anasema halua ya mwenzake ni gundi, mpaka wakazikwa bila kupatana. Tangu hapo ikawa mmoja. Na namna ya kurithisha ni hii: siku halua iko motoni, mrithi anaweka mikono yake juu ya mikono ya mzee kwenye mpini wa mwiko, wanakoroga pamoja, na ile dakika ikija inapita kwenye mikono yote minne. Mwiko haukuwa na nafasi ya zaidi ya hapo.

Mzee Shaame alikuwa hajamrithisha mtu. Kila akiulizwa alisema, "Bado nina nguvu." Ndivyo wanavyosema wote.

Basi mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku tatu Sikukuu, akapika makarai matatu mfululizo peke yake kwa sababu hakumwamini mtu. Karai la tatu likashika. Akalazimisha, bega likapiga kelele kaa! na mkono ukaanguka. Hospitali wakamfunga mkono kwa kanga, wakamwambia baada ya wiki tatu afungue, aanze kuutumia taratibu. Mzee Shaame akafungua? Wapi! Aliogopa. Mkewe, Bi Nunuu, akimwambia, "Baba, fungua hiyo kanga mkono upate hewa," yeye anasema kesho. Kesho hiyo ikawa miezi mitano. Alipokuja kufungua, mkono umekaa ubavuni umejikunja, haupandi hata kufikia kikombe cha chai.

Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akaunguza karai zima, mtaa mzima ukanuka sukari iliyoungua kwa siku mbili. Akajaribu kumwandikisha karani wa shule ile siri ili isipotee.

"Unakoroga mpaka iwe," akasema Mzee Shaame.

"Iwe nini, mzee?" akauliza karani, kalamu iko tayari.

"Iwe."

"Iwe vipi?"

"Mpaka mkono ukwambie, bwana! Unaandika nini wewe?"

Karani akafunga daftari. Hapo ndipo Mzee Shaame alipofahamu balaa lake. Mkono usiporudi, halua ya ukoo mzima inakufa naye, tena inakufa yeye yu hai anaitazama. Na mjukuu wake Nasra alikuwa anaolewa Ijumaa ya mwezi uliofuata, na tangu Nasra yuko kwenye nepi yeye alikuwa akiahidi, "Halua ya harusi yako nitaikoroga mwenyewe."

Siku hiyo baada ya Asri akasimama barazani mbele ya watu, macho yamemjaa machozi, akala yamini: "Wallahi, atakayenirudishia mkono wangu, ndiye nitakayemshikisha mwiko!"

Angalieni alivyosema. Atakayenirudishia. Mmoja. Hakukumbuka kwamba mkono nao una mambo mengi.

Kombo alikuwa wa kwanza kufika, na chupa yake kwapani. Akamkalisha mzee kwenye mkeka, akaanza chini ya kombe la bega, akapanda shingoni, akateremka ubavuni. Kimya. Mara, "Ahaa! Kumbe mko ukoo mzima huku!" Misuli ilikuwa imekaza ubao. Akakanda siku ya kwanza, mzee akalia. Akakanda siku ya pili, mzee akatukana, kisha akaomba radhi. Siku ya nne nyama ikaanza kulainika, na Kombo akiuinua mkono kwa mikono yake mwenyewe, ulifika mpaka usawa wa sikio! Bi Nunuu akapiga kigelegele.

"Sasa uinue mwenyewe, mzee," akasema Kombo.

Mzee Shaame akajaribu. Mkono haukwenda. Na ilipofika Asri bega lilikuwa limekaza tena, kama halijakandwa. Kila asubuhi Kombo analegeza, kila alasiri linakaza. Kombo akakuna kichwa.

"Nyama imekubali," akasema, "lakini kuna mtu ndani anakataa."

Salha akacheka aliposikia maneno hayo. "Baba Kombo, huyo mtu ninamjua."

Akaja, akamshika mzee shingo, akamgusa vidole kimoja kimoja akiwa amefumba macho, akamuuliza anahisi wapi. Kisha akakaa chini, akamweleza.

"Mzee wangu, msuli hauna akili yake. Msuli unangoja amri. Amri inatoka kichwani, inashuka kwenye uti wa mgongo, inafuata mishipa ya fahamu mpaka begani. Na habari zinarudi kwa njia hizo hizo: bega liko wapi, limevutika, linauma. Ulipoumia, ubongo wako ulitoa amri kwamba mkono huu usitoke. Sasa umepona, lakini nani ameuambia ubongo kuwa umepona? Umeufunga mkono miezi mitano. Ubongo bado umeweka mlinzi mlangoni."

"Mlinzi wa nini, na mwizi keshaondoka?" akauliza mzee.

"Ndilo hilo tutakalomwambia."

Kombo akanuna kidogo. "Ubongo gani? Mimi hapa mafundo nimeyashika kwa mikono yangu."

"Na mikono yako, baba, ikigusa ngozi ya mzee, ngozi inapeleka habari wapi? Si huko huko kichwani?"

Kombo akafikiri. "Basi mimi ndiye mwandika barua. Wewe unabandika stempu tu."

Wakacheka, na kwa kweli tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Salha akaomba kioo. Bi Nunuu akatoa kioo kirefu cha kabati lake la nguo, akaapa kwamba kikivunjika hakuna harusi. Salha akakisimamisha mbele ya kifua cha mzee, mkono wa kuume umefichwa nyuma ya kioo, wa kushoto uko mbele. "Sasa tazama ndani ya kioo, ukoroge kwa huu wa kushoto."

Mzee akakoroga hewa. Na ndani ya kioo akaona nini? Akaona mkono wake wa kuume unakoroga! Unazunguka, mwepesi, kama zamani. Akashtuka, akageuka kutazama nyuma ya kioo, akaukuta umelala pale pale. Akarudi kutazama. Machozi yakamshuka mpaka ndevuni, anakoroga tu, hataki kuacha.

Kila siku Kombo anakanda kwanza, kisha Salha anaweka kioo. Siku ambayo Kombo alichelewa, bega lilikaza na zoezi la kioo halikuendelea hata kidogo. Siku ambayo Salha hakuja, kazi ya Kombo ilipotea kabla ya Asri. Siku ya nane, Bi Nunuu aliyekuwa amekaa upande wa nyuma wa kioo akaruka juu. "Unakwenda! Jamani, huu wa huku nao unakwenda!" Na kweli, mkono wa kuume nyuma ya kioo ulikuwa unazunguka, kidogo kidogo, wenyewe. Wiki mbili baadaye kioo kikarudi kabatini, na Mzee Shaame akaweza kuinua mkono, kuuzungusha, hata kumpungia mtu ng'ambo ya barabara. Akawapungia hata asiowajua.

Mnadhani hadithi imekwisha? Subirini.

Ikafika Alhamisi, siku moja kabla ya harusi. Salha akamvuta mzee pembeni. "Nakwambia ukweli, babu. Bega hili leo litakubali karai moja. La pili sikuahidi, leo wala siku nyingine. Lina umri wake."

"Moja linatosha," akasema Mzee Shaame.

Asubuhi hiyo hiyo moto ukawashwa, karai la shaba likapandishwa, maji, sukari na wanga vikaingia. Jirani wakajaa uani. Kombo akamkanda mzee mara ya mwisho. Mzee akavua kofia, akashika mwiko, akasogea motoni.

Joto likampiga usoni. Na mkono, jamani, mkono ukajifunga! Ukarudi ubavuni kwa nguvu kama uliofungwa kanga upya. Mwiko umesimama katikati ya karai, halua inaanza kuchemka pembeni.

Kombo akamrukia, akashika bega. "Laini!" akapiga kelele. "Nyama ni laini kama unga wa mandazi! Si nyama!"

Salha akakimbilia kioo, akakileta mbio, akakisimamisha. Mvuke wa karai ukakifunika, kikawa cheupe, hakionekani kitu. Akakifuta kwa buibui, kikafunikwa tena. "Ni moto," akasema Salha, pumzi zinamwenda mbio. "Ubongo umeuona moto ule ule wa siku aliyoumia. Mlinzi amerudi mlangoni."

"Inashika!" akalia Bi Nunuu. "Inashika chini!"

Hapo ndipo Bi Time, aliyekuja kwa ajili ya ngoma ya jioni na mpaka saa ile alikuwa akila mbatata zake kwa utulivu, alipofuta mikono. Nyumba yake na jiko la Mzee Shaame zilitenganishwa na ukuta mmoja. Miaka arobaini alikuwa akisikia mwiko ule kupitia ukutani. Mwiko unakwaruza chini ya karai mara mbili, kisha unagonga ukingo mara moja. Kwaruu, kwaruu, ko. Kwaruu, kwaruu, ko. Hata ndoto zake zilikwenda hivyo.

Akachukua debe tupu la samli, akalipindua, akakaa nyuma ya mzee asionekane. Akakwaruza kwa kucha, akagonga kwa kifundo cha kidole. Kwaruu, kwaruu, ko. Kwaruu, kwaruu, ko. Kichwa cha mzee kikaanza kutikisika. Mguu ukaanza kupiga chini. Bega likacheza kidogo. Kwaruu, kwaruu, ko. Kwaruu, kwaruu, ko.

Kisha Bi Time akakwaruza mara mbili, na akaliacha lile pigo. Hakuligonga. Aliacha pengo tupu.

Kwaruu, kwaruu...

KO!

Mwiko! Mwiko ndio uliogonga ukingo wa karai! Mkono ulikuwa umetoka wenyewe kulijaza pengo, mzee hana habari. Alipoangalia chini aliona mkono wake umenyooka juu ya moto, umeshika mwiko, unakoroga. Kwaruu, kwaruu, ko! Bi Time akaliacha debe, mkono ukaendelea. Watu wakapiga mayowe, Bi Nunuu akamkumbatia Salha, Kombo akamwaga chupa nzima ya mafuta kichwani mwake kwa furaha. Mimi mwenyewe hapa nikisimulia nywele zinanisimama!

Halua ikakorogwa saa baada ya saa. Samli ikaingia, iliki ikaingia, zafarani ikaingia, rangi ikaanza kuiva. Ndipo mtu mmoja, kwa nia nzuri tu, akauliza, "Mzee, na ile yamini? Mwiko anashika nani?"

Furaha ikakatika.

Kombo akasimama kwanza. "Mimi. Bila vidole vyangu, mkono ule ni ubao. Ngoma isingeunyoosha ubao, wala kioo. Na nitasema ya moyoni: miaka thelathini nakanda watu wanaopiga kelele. Natamani uzeeni nishughulike na kitu chenye kunuka iliki kisichonitukana."

Salha akasema, "Mimi, kwa heshima zote. Baba Kombo aliulegeza mkono ambao haukuwa na mwenyewe. Mimi ndiye niliyemrudisha mwenyewe. Na Bi Time angeuita mkono usiojua tena njia, ungemjibu nini? Nami mzee umenifundisha kwamba kuna elimu iliyo mkononi ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuiandika. Naitaka hiyo."

Bi Time akacheka. "Wanangu, nyinyi mlifanya kazi mwezi mzima, mimi nimefanya kazi ya kitambo kidogo. Nakubali. Lakini mwezi wenu wote ulikuwa umekufa pale mbele ya moto, mbele ya macho yetu. Mkono ulikuja nilipouita. Tena mimi mwiko huu nimeusikiliza miaka arobaini nyuma ya ukuta, na hakuna aliyewahi kuniambia nipite mlangoni."

Watu wa uani wakagawanyika hapo hapo. Wengine wakataja walioanza, wengine wakataja aliyemaliza. Mmoja akasema wapewe wote watatu, akakumbushwa wale ndugu wawili na gundi yao. Mwingine akasema mzee asubiri apike karai jingine kesho, afikiri. Salha akatikisa kichwa. Hakuna aliyemwahidi mzee karai jingine.

Mzee Shaame anakoroga. Jasho linamtoka, bega linaanza kutetemeka. Anasikia kwenye kiganja kwamba halua imeanza kuwa nzito kwa namna ile. Mara anasema, taratibu, bila kuinua macho:

"Inakuja. Mtu aweke mikono."

Wote watatu wamesogea hatua moja. Kombo amenyoosha vidole vyake vyenye mafuta. Salha amekunja mikono ya buibui. Bi Time amesimama mbele ya debe lake. Juu ya mpini, pembeni ya mikono ya mzee, kuna nafasi ya viganja viwili. Samli inaanza kujitoa ukingoni mwa karai.

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua, na wewe wa karanga acha kutafuna. Je, wewe ungeamua vipi? Usiniangalie mimi, sema upesi. Halua inageuka.